Saa za Mama

Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu, wazee wa parokia na akina mama, siku ya pili ya mkutano wa Jubilei

Baba Askofu, mapadre, walimu wenzangu, wazee wetu, na ninyi akina mama mlioketi nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka upesi mtoto akilia:

Wenye kuandaa mkutano huu wamenipa neno la kusema, nalo ni hili: ni mambo gani yanayomfanya mama apate kazi ya mshahara au aikose, na akiisha kuipata, ni nini kinachopima saa zake? Nalipopewa neno hili nalishangaa kidogo, maana nalidhani ingefaa mama mwenyewe alinene. Nikamwendea mama mmoja mwenye akili na maneno mazuri, nikamwomba asimame badala yangu. Akanijibu, "Mwalimu, sina nafasi." Basi jibu lake ndilo mwanzo wa hotuba yangu.

Kwanza tuondoe kosa moja. Twasikia watu wakisema, "Zamani mama alikaa nyumbani, siku hizi ametoka kwenda kufanya kazi." Neno hilo si kweli katika nchi yetu hii ya kusini. Toka Masasi hata Newala na Tandahimba, ni nani aliyepalilia mihogo na mtama? Ni nani aliyetwanga? Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wala kijito. Mvua ikinyesha mchanga huyanywa maji, nayo hutokea chini kabisa mabondeni. Bibi zetu walitoka usiku, wakashuka mtelemko, wakateka, wakapanda tena na mitungi vichwani, na safari moja iliweza kula nusu ya siku. Basi mama hakuanza kazi jana. Lililoanza jana ni kulipwa, na malipo hayo yamekuja na saa zake: fika saa 1, toka saa 8, ukichelewa utakatwa. Kazi ya zamani ilimngoja mama. Kazi ya mshahara haimngoji.

Sasa yanipasa nikiri jambo langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha haya yote.

Miaka michache iliyopita nalikuwa na darasa la akina mama siku ya Jumanne na Alhamisi, saa 9 alasiri. Saa hiyo nalichagua mimi. Ilinifaa, kwa kuwa nimekwisha kula na jua limeanza kupungua. Waliandikwa akina mama 19, lakini waliofika hawakupita 8. Nami katika daftari langu, mbele ya jina la mama mmoja, naliandika neno "mvivu". Tena siku moja nalilisoma neno lile kwa sauti mbele ya wenzake, nikidhani aibu itamfundisha. Yule mama hakujibu kitu. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda zake, asirudi tena darasani.

Habari zilifika bombani kabla mimi sijafika nyumbani. Jioni mama watoto aliniambia, "Mwalimu, umemwita mvivu mtu ambaye hujui hulala saa ngapi." Akachukua kalamu ya mtoto na karatasi, akaniandikia siku ya yule mama, maana ni jirani yetu, na ua wake na ua wetu zatazamana.

Huamka saa 10 alfajiri, akaenda bombani, kwa sababu akichelewa watu huwa wengi na maji hukatika. Saa 11 na nusu amerudi. Huwasha moto, hupika uji, huwaandaa watoto. Saa 1 yuko mahali pa kubangulia korosho, ambapo hulipwa kwa kilo. Saa 5 hukimbia nyumbani kumnyonyesha mtoto wa miezi 7, kisha hurudi. Na saa hiyo moja hailipwi. Saa 8 hutoka. Toka hapo kuna kuni, kuna shamba, kuna mboga, kuna kufua, kuna chakula cha jioni, na kuna mama mkwe mgonjwa wa kuogeshwa. Hulala saa 4 usiku.

Tukahesabu. Saa 18 yu macho. Katika hizo, saa 6 zalipwa. Saa 1 ni ya kula na kunyosha mgongo. Saa 11 zilizobaki ni kazi isiyolipwa wala kuandikwa popote. Na mimi nalikuwa nikimdai saa nyingine, tena katikati ya hizo 11. Kisha mama watoto akaigeuza karatasi, akanipa kalamu, akasema, "Sasa andika na zangu." Habari ya upande wa pili wa karatasi ile nitaisema baadaye.

Lakini lipo jambo lililoniuma zaidi. Mtoto mchanga yule alikuwa na nani toka saa 1? Alikuwa na dada yake wa miaka 10. Nalipokwenda shuleni kuuliza, naliliona daftari la mahudhurio, na mbele ya jina la binti yule mwalimu wake ameandika "mtoro". Mama mvivu, binti mtoro! Daftari mbili, za walimu wawili tuliofundishwa kusoma na kuandika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza sababu.

Tangu siku ile nimejaribu kuzitafuta sababu hizo, nami naziona kuwa tano.

Jambo la kwanza ni maji, kuni na unga. Mama hana saa za kumwuzia tajiri ila zile zilizobaki baada ya vitu hivi vitatu. Kwa hiyo bomba la maji ni habari ya ajira, ijapokuwa wengi hawalioni hivyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza ilianza kazi ya kupandisha maji kwa mitambo juu ya uwanda wa Makonde. Na toka miaka ya 1970 nchi ya Ufini ilisaidia kwa miaka mingi kazi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Palipofika bomba, mama alirudishiwa saa zake. Pampu ilipoharibika, saa zile zilipotea tena, na hakuna aliyeandika kwamba watu wamepoteza kazi. Kadhalika mashine ya kusaga: ilipofika kijijini, mchi ulipumzika, na mama akapata asubuhi ambayo mama yake hakuwa nayo. Serikali ya Tanzania ilipofanya uchunguzi wa nguvukazi mwaka 2006, na tena mwaka 2014, watu waliulizwa jinsi wanavyozitumia saa 24 za siku. Mara zote mbili wanawake walionekana kutumia saa nyingi kuliko wanaume kwa kazi za nyumbani zisizo na malipo. Akina mama hawakushangaa kusikia hayo.

Jambo la pili ni mikono ya kumshika mtoto. Wazee wetu, Wamakua, Wayao na Wamakonde, walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mara nyingi bwana arusi ndiye aliyehamia kwao mkewe. Basi binti alipozaa, mama yake alikuwa karibu, na dada zake, na mama zake wadogo. Mtoto alipolia palikuwa na mikono mingi. Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1973 hata 1976 watu walikusanywa katika vijiji vikubwa; wakawa karibu na shule na zahanati, lakini wengi wakawa mbali na mashamba yao. Baadaye vijana wakaenda Mtwara, wakaenda Dar es Salaam, na bibi akabaki nyumbani peke yake. Sasa mama aliye mjini, akitaka kwenda kazini, hutafuta msichana wa kumlelea mtoto. Na msichana huyo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka katika vijiji kama hivi vyetu. Saa za mama mmoja zimenunuliwa kwa saa za binti wa mama mwingine, wala mara nyingi binti huyo hana mkataba wala saa ya kutoka. Asiyeweza kumlipa msichana humtumia binti yake mwenyewe, kama jirani yangu. Tena darasa la awali shuleni, ambalo ni jambo jema sana, huwaachilia watoto kabla ya adhuhuri, nayo kazi ya mama haijakwisha. Basi kati ya kengele ya shule na kengele ya kazi pana shimo, na mama ndiye anayetakiwa kulijaza.

Jambo la tatu ni namna ya kazi yenyewe na namna ya malipo. Sisi ni watu wa korosho, na korosho yaweza kutufundisha. Serikali ilijenga viwanda vya kubangulia, vikafika 12, na akina mama wengi walitumaini kupata mshahara humo. Lakini mavuno yalianguka: msimu wa 1973/74 nchi ilipata kama tani 145,000, na katikati ya miaka ya 1980 hazikufika hata tani 20,000. Viwanda vingi vikanyamaza, na mshahara wa mama ukanyamaza navyo. Siku hizi abanguaye kwa mkono hulipwa kwa kilo. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Mtazame mama vidole utamjua. Walakini malipo ya kilo yana wema mmoja: mama aweza kuondoka akanyonyeshe, kisha akarudi. Na yana ubaya wake: siku ya homa hailipwi, siku ya mtoto mgonjwa hailipwi, wala siku ya kujifungua. Mama ntilie naye, auzaye wali na maharage kando ya njia, amechagua kazi ile kwa sababu mtoto aweza kuketi karibu naye, ijapokuwa karibu naye ni karibu na moto. Twawalaumu akina mama kwamba hawatafuti kazi iliyo bora. Kumbe mama mara nyingi huchagua kazi duni yenye saa laini, akaiacha kazi bora yenye saa ngumu, kwa ajili ya mtoto. Huo si upungufu wa akili. Ni hesabu, tena ni hesabu sahihi kwa yule ambaye hana mtu wa kumpokea mzigo.

Jambo la nne ni sheria. Sheria haikunyamaza. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza katika mji wa Washington, wajumbe waliafikiana kwamba mama asitiwe kazini majuma 6 baada ya kuzaa, na akirudi apewe nafasi mbili kila siku, nusu saa kila moja, amnyonyeshe mtoto wake. Mwaka 2000 shirika hilo lilitaka mapumziko ya uzazi yasiwe chini ya majuma 14. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nawaomba walimu mwiandike ubaoni, maana naliishi miaka mingi bila kuijua. Yasema kwamba mama mwajiriwa apewe siku 84 za mapumziko yenye mshahara, na akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja apewe siku 100. Anyonyeshaye apewe nafasi ya saa 2 kwa siku katika saa za kazi. Mjamzito asifanyishwe kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya kujifungua. Kazi ya kawaida isipite saa 45 kwa juma. Baba naye apewe siku 3 mtoto azaliwapo. Ukizigawa siku 84 kwa 7 utapata majuma 12. Basi bado tuna majuma 2 ya kudai tufikie kipimo cha mwaka 2000.

Lakini sheria ni mwavuli, na wengi wetu tumesimama nje yake. Mama mwenye mkataba aweza kuzidai saa 2 zake. Mama wa kilo, asiye na karatasi yoyote, hukimbia saa 5 kwa hasara yake mwenyewe. Auzaye vitumbua hana wa kumwomba ruhusa. Mkulima je? Ataliomba ruhusa palizi? Tena mama apate kazi gani, jambo hilo huanza mapema, katika darasa aliloliacha. Kwa hiyo lilikuwa neno kubwa serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kuzaa waweza kurudi shuleni. Walimu, mlango huo umefunguliwa. Tusiuzibe kwa macho yetu na maneno yetu binti arudipo.

Jambo la tano ni sisi akina baba. Labda mtu atasema, "Maji yakifika, na chekechea ikijengwa, mambo yote yatakuwa sawa." Yatapungua, hayatakwisha. Mwaka 2023 mama mmoja mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, jina lake Claudia Goldin, alipewa tuzo ya Nobel ya elimu ya uchumi kwa sababu ya kuchunguza habari za wanawake na kazi zao kwa muda wa miaka 200. Alionyesha kwamba hata katika nchi ile, ambako maji hutoka ukutani na wasichana wamesoma sawa na wavulana, sehemu kubwa ya tofauti ya mapato kati ya mume na mke huanza mtoto wa kwanza azaliwapo. Kazi zinazolipa sana hutaka mtu aitikaye saa yoyote aitwapo, na nyumbani ni lazima abaki mmoja aitikaye mtoto. Basi mmoja huendelea, na mmoja hupunguza saa zake. Ninyi mwajua ni yupi.

Na hapa ndipo niseme ya upande wa pili wa karatasi. Mama watoto alipokuwa kijana, kabla hatujazaa mtoto wa tatu, aliambiwa kwamba aweza kupata kazi ya kuhudumu mahali fulani pa kutibia wagonjwa, kuanzia saa 1 asubuhi hata saa 9. Tulikaa jioni nzima tukalizungumza jambo hilo, tukasema, "Watoto watabaki na nani?" Tukaona hapana mtu, akaiacha kazi ile. Sasa, ndugu zangu, mimi siku zile nalifundisha alasiri tu. Asubuhi yote nalikuwa nyumbani, nikisoma na kupokea wageni. Watoto wangalibaki na mimi. Wala sikukataa, ingekuwa afadhali ningalikataa, maana angalau tungalibishana. Jambo lile halikunijia moyoni hata kidogo. Naye hakulisema, kwa sababu ya heshima. Alikuja kulisema miaka 14 baadaye, kwa kalamu ya mtoto.

Nadhani hilo ndilo neno kubwa nililotumwa kuwaambia. Saa za mama hazipimwi na tajiri peke yake. Kila mmoja wetu anashika kipande cha saa zile mkononi: mwenye bomba, mwenye shule, mwenye sheria, mwenye darasa la dini, na mwenye nyumba. Nasi twakitumia kipande hicho kama kwamba ni mali yetu.

Basi tufanye nini? Nasema machache yaliyo katika uwezo wetu.

Kwa halmashauri za parokia: msiweke mkutano wala darasa la akina mama kabla ya kuwauliza wenyewe saa ipi yawafaa. Tena ile nyumba ya mafundisho hukaa tupu toka asubuhi hata alasiri; yaweza kuwa mahali pa kulelea watoto wadogo mchana, mkifuata taratibu za serikali kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na bibi zetu wenye afya wakilipwa kitu kwa kuwatazama. Nasema walipwe. Tusimtue mama mmoja mzigo kwa kumtwika bibi bure.

Kwa walimu: mtoto asipofika, ulizeni kabla hamjaandika. Neno moja katika daftari laweza kumfuata mtoto miaka mingi.

Kwa wenye kuajiri, hata kama una watu 5 tu: andika mkataba, mpe mama anyonyeshaye saa zake 2, wala usizihesabu kuwa sadaka. Ni haki yake.

Kwa akina baba: chukueni karatasi. Andikeni siku ya mama watoto toka kuamka hata kulala, kisha igeuzeni, mwandike na zenu. Sitasema zaidi ya hapo. Hesabu itasema yenyewe.

Mtaniuliza habari ya jirani yangu. Nalikwenda kwake pamoja na mama watoto, nikamwomba radhi mbele ya mama mkwe wake, maana nalimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Darasa tulilihamisha likawa Jumapili baada ya ibada, akina mama wakiwa wamekwisha kusanyika, nao watoto hukaa na wazee wawili wa kiume waliojitolea. Wengi hufika. Yeye pia hufika. Lakini binti yake alirudia darasa, akapoteza mwaka mzima, na mwaka ule hakuna awezaye kumrudishia, wala mimi, wala mwalimu wake. Kwa hiyo nimewaambieni habari hii wazi, ili mwingine asiipate kwa bei ile ile.

Katika Jubilei hii tumesikia ikisomwa hesabu ya makanisa, shule na nyumba za wagonjwa zilizojengwa, na majina ya wajenzi. Ni vema. Lakini udongo wa kila tofali ulichanganywa kwa maji, na maji yale hayakuja yenyewe. Yaliletwa kichwani, alfajiri, na watu ambao saa zao hakuna aliyeziandika. Waliobaki wa watu hao wameketi pale nyuma, karibu na mlango. Namwona mmoja amekwisha kusimama. Bila shaka mtoto amelia. Nami namaliza, nisile saa zake zaidi.